Mawe matatu, nyasi na subira: Tangi la samaki lililotufunza kungoja

WAHENGA walisema haraka haraka haina baraka. Msemo huo niliusikia tangu utotoni na nikauandika mara nyingi katika insha za shule, lakini sikuuelewa hadi siku nilipowazika samaki 12 katika chungu cha maua kwenye roshani ya nyumba yetu hapa Nairobi.

Tulikuwa tumenunua tangi la kioo siku ya Jumamosi kwa ajili ya kifungua mimba wetu, aliyekuwa akitimiza umri wa miaka kumi. Jioni hiyo hiyo tulilijaza maji ya mfereji, tukatia changarawe za rangi ya samawati, ngome ya plastiki, maua ya plastiki na mzamiaji wa plastiki anayetoa mapovu. Kisha tukawaingiza samaki. Sebule ikapendeza, na majirani wakaja kutazama. Kufikia Jumatano samaki walikuwa wakihema juu ya maji kana kwamba wanaomba hewa. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na hata mmoja aliye hai.

"Mama, maji si ni masafi?" mtoto aliniuliza huku machozi yakimlengalenga. "Mbona basi yamewaua?"

Sikuwa na jibu. Naye akaapa kwamba hataki kuona samaki tena nyumbani mwetu.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Pia ni habari ya tangi letu la pili, ambalo lina vitu vichache mno kuliko lile la kwanza, lakini lilichukua karibu miezi mitatu kabla ya samaki kuingia.

Sumu isiyoonekana

Msomaji, maji yanaweza kung'aa na bado yawe sumu. Samaki hutoa amonia anapopumua, na kinyesi chake pamoja na chakula kinachooza huiongeza. Mtoni au ziwani amonia hiyo hutawanyika katika maji mengi. Katika tangi dogo la sebuleni haina pa kwenda.

Wanaowaokoa samaki ni bakteria. Wako wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Wako wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru sana, na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao hukaa ndani ya chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe. Katika tangi jipya huwa ni wachache mno, na kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita ili waongezeke vya kutosha. Sisi tuliwapa siku sifuri.

Isitoshe, maji ya mfereji hutiwa klorini ili yatufae sisi wanadamu kwa kunywa. Klorini hiyo huchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wale wema. Ukiyaacha maji ndani ya ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, klorini ya kawaida hutoka. Lakini kuna dawa nyingine jamii ya klorini ambayo haitoki kwa njia hiyo, kwa hivyo ni salama zaidi kutumia matone ya kusafishia maji yanayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo.

Mpanda baiskeli aliyeshika kamera

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilikutana na jina la Takashi Amano. Alizaliwa mwaka wa 1954 katika mkoa wa Niigata, Japani, na alikuwa mwanabaiskeli wa mashindano kabla ya kugeukia upigaji picha na ufugaji wa samaki. Mnamo 1982 alianzisha kampuni ya vifaa vya matangi yenye mimea, na katika miaka ya 1990 vitabu vyake vya picha vilienea ulimwenguni. Watu waliozoea ngome za plastiki waliona kwa mara ya kwanza tangi linalofanana na mlima, mbuga au msitu. Kazi yake kubwa ya mwisho ilijengwa katika jumba la samaki la Lisbon, Ureno: tangi lenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Lilifunguliwa mwaka wa 2015, na mwaka huo huo Amano akafariki.

Kati ya mitindo aliyoieneza, mmoja huitwa iwagumi. Una mizizi katika bustani za Kijapani, ambako mawe hupangwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani ya tangi huwa na mawe machache, mmea mmoja au miwili inayotambaa chini kama zulia, na kundi la samaki wa aina moja. Basi. Hakuna ngome wala mzamiaji.

Nilipomwonyesha mwanangu picha alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hili linafanana na malisho ya kule kwa babu." Hakutaja samaki, nami sikumwuliza.

Kuchagua mawe

Mawe hayahitaji kununuliwa. Yetu tuliyaokota kwenye kijito wakati wa likizo, tulipokwenda kuwaona wazazi mashambani. Lakini si kila jiwe lafaa. Jiwe lenye chokaa huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu, jambo ambalo samaki na mimea mingi ya mtindo huu hawalipendi. Kwa hivyo ndugu zetu wa Mombasa wasitumie mawe ya matumbawe, hata yawe mazuri vipi.

Njia ya kupima ni rahisi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya jikoni. Tia matone ya siki juu ya jiwe kavu. Likitoa mapovu, lina chokaa, liweke kando. Jiwe lisilotoa mapovu lisugue kwa burashi na maji bila sabuni, kisha limwagie maji moto. Usilichemshe ndani ya sufuria, kwani jiwe lenye unyevu ndani yake laweza kupasuka.

Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 36. Likijaa, maji peke yake yana uzani wa karibu kilo 65, mbali na mawe na mchanga. Usiliweke juu ya meza hafifu ya televisheni. Pia usiliweke dirishani, maana jua huotesha mwani, yaani ule utando wa kijani unaoshika vioo.

Mawe hupangwa kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili: matatu, matano au saba. Jiwe kubwa ndilo baba wa familia. Kimo chake hufikia kama theluthi mbili za kimo cha tangi, na haliwekwi katikati bali upande mmoja. Katika tangi kama letu, kama sentimita 23 kutoka ukingo mmoja. Yale madogo hulisindikiza. Mistari ya mawe yote ielekee upande mmoja, kana kwamba mto mmoja ndio uliyoyachonga. Chini ya kila jiwe weka kipande cha sponji nyembamba ili kisivunjike kioo.

Tulipomaliza kupanga matatu, nilishika la nne nikitaka kuujaza upande uliobaki wazi. Mwanangu akanizuia mkono.

"Mama, hapo paache wazi," akasema. "Ndipo samaki watakapopitia."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja neno hilo tangu mazishi.

Zulia bila maji

Chini tulitandaza udongo wa bustani uliochungwa, usio na samadi wala mbolea ya dukani, sentimita tatu hivi, kisha juu yake changarawe laini kiasi hicho hicho. Upande wa nyuma tuliuinua kidogo kuliko wa mbele, ili macho yaone umbali.

Mimea ya zulia ni ya aina kadhaa. Ule mdogo kabisa hutoka Kuba, lakini ni mgumu kwa mtu anayeanza. Sisi tulichagua nyasi fupi za jamii ya Eleocharis, ambazo huvumilia makosa. Tulizigawanya katika vifungu vidogo vya majani matano sita, tukavipanda kwa kibano, sentimita mbili au tatu kati ya kifungu na kifungu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kujaza maji. Mimea iliyo chini ya maji huhitaji gesi ya kaboni ya kutosha, na mitungi ya gesi hiyo ni ghali. Lakini iko njia nyingine, nayo inatufaa sana sisi wa jijini ambao maji ya mfereji huja kwa zamu. Usijaze maji. Lowesha udongo tu, maji yasipite juu ya changarawe, kisha funika tangi kwa karatasi ya nailoni na uwashe taa kwa saa kumi hivi kila siku. Mimea huvuta gesi ya kaboni kutoka hewani bila gharama, na mizizi yake hushika. Kila siku fungua nailoni kwa dakika chache ili hewa ibadilike, la sivyo kuvu itaota. Nyunyizia maji kidogo majani yanapoanza kukauka.

Tulifanya hivyo kwa wiki sita. Majirani waliokuja kutazama walicheka. "Huu ni ufugaji wa samaki au kilimo cha sukuma wiki?" mmoja aliuliza. Mwanangu alikuwa na daftari alimochora nyasi kila Jumapili, na katika wiki ya nne michoro ikaanza kubadilika: vifungu vilikuwa vimeshikana mikono.

Mtihani wa mwisho

Siku ya kujaza maji, weka sahani juu ya nyasi na umimine polepole juu yake ili udongo usitibuke. Washa chujio. Taa sasa ipunguzwe iwe saa sita kwa siku, kwani mwanga mwingi bila gesi ya kaboni ya kutosha hulisha mwani kuliko mimea. Wiki ya kwanza tulibadilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili, kwa sababu udongo wenyewe hutoa amonia. Maji yaliyotoka hatukuyamwaga. Tulimwagilia maua ya roshani, yakastawi ajabu.

Wiki ya pili utando wa hudhurungi ulifunika mawe. Nusura nikate tamaa. Lakini utando huo ni wa kawaida katika tangi changa. Tuliusugua kwa mswaki wa zamani, na baada ya siku kadhaa ukapungua wenyewe. Ikiwa rafiki yako ana tangi la muda mrefu lenye samaki wenye afya, mwombe kipande cha sponji kutoka katika chujio chake. Bakteria waliomo watakufupishia safari.

Tulinunua dawa za kupimia maji, zile zinazobadilisha rangi ndani ya kichupa. Mwanangu ndiye aliyekuwa mpimaji. Mwishoni mwa wiki ya nne amonia ilikuwa sifuri, lakini nitriti bado ilionekana. Ilikuwa Jumamosi, pesa zilikuwa mkononi, na mimi mtu mzima nilikuwa tayari kwenda dukani.

"Bado, Mama," akasema, akiinua kichupa mbele ya taa. "Tungoje."

Tuliongoja wiki moja zaidi. Vipimo vyote viwili viliposoma sifuri tukaleta neoni sita, wale wadogo wenye mstari wa samawati na mwekundu, asili yao mto Amazon. Tulielea mfuko wao juu ya maji ili joto lilingane, tukaongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha tukawaachilia. Kwa baridi ya Nairobi ya mwezi Julai tunatumia kipasha maji kilichowekwa kwenye nyuzi 24. Stima ikipotea kwa saa nyingi, tunafungua kifuniko na kuyachota na kuyamimina maji kwa kikombe ili yapate hewa.

Jambo moja la kuonya: usitupe mimea au samaki wa tangi mtoni au bwawani. Gugumaji lililowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake. Nyasi unazopunguza zikaushe juani, kisha uzitupe kwenye takataka.

Usiku wa kwanza mwanangu alikataa kulala chumbani. Alijilaza kwenye kochi akiwa amejifunika blanketi, akitazama. Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta bado ameelekea kwenye kioo, macho yamemwiva kwa usingizi. Samaki wote sita walikuwa wakipita pamoja katika ule upande wazi, kati ya jiwe kubwa na nyasi.

"Hawahemi juu, Mama," akaninong'oneza. "Wako chini kabisa."

Sasa ni miezi minane. Maji hubadilishwa robo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyasi hupunguzwa kwa mkasi, na daftari limejaa michoro. Wageni husema tangi letu halina vitu vingi. Ni kweli, lina mawe matatu tu. Mengine yaliyomo hayaonekani kwa macho, na kila atakayetaka kuyapata itambidi angoje.