Ndoa au Maabara? Kisa cha Bea Kilivyotunusuru

Miezi minne kabla ya harusi, mchumba wangu aliniuliza swali lililoninyima usingizi: "Hivi tukishaoana, bado utakuwa unazunguka porini kutafuta miti inayoumwa?"

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya miti. Nashughulika na kuvu, au fangasi kama wengi tunavyosema, wanaoshambulia misonobari na mikaratusi. Kukaa Mufindi wiki nzima, buti zimejaa matope, kwangu ni kawaida. Basi nikanuna siku tatu. Jumapili tukatoka kula chipsi kuku, nikaamua kumsimulia kisa cha Bea.

Binti na miti iliyokauka

Marie Beatrice Schwarz, au Bea, alizaliwa mwaka 1898 Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo. Alisomea Uholanzi chini ya Johanna Westerdijk, ambaye mwaka 1917 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa profesa. Mama huyo alikuwa mkali kazini, lakini sherehe alizipenda kwelikweli! Aliwasimamia wanafunzi 56 wa udaktari, karibu nusu yao wanawake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miti ya elmu, iliyopamba barabara nyingi za Ulaya, ilianza kukauka. Wengine walisema ni ukame, wengine gesi za sumu za vitani. Bea akachukua vipande vya matawi, akavichunguza maabara, na mwaka 1922 akatoa jibu: ni fangasi.

Fangasi huyo husambazwa na mbawakawa wanaotoboa magome. Akishaingia, mirija ya kupitisha maji huziba. Mti unakufa kwa kiu huku mizizi iko kwenye udongo wenye maji! Baadhi ya wanasayansi walimbishia Bea, mpaka mwaka 1927 mwenzake, Christine Buisman, alipowaambukiza miti mizima fangasi yule, nayo ikaugua.

Kisha akaolewa

Bea alikuwa ameshakwenda Indonesia, wakati huo koloni la Uholanzi, kuchunguza magonjwa ya karanga. Mwaka 1926 akaolewa, akaacha kazi. Wakapata watoto wawili wa kiume. Vita Kuu ya Pili ikaja, Wajapani wakaiteka nchi, na mumewe akafia kambini.

Bea akarudi Uholanzi na wanawe, akarudi pia kwa fangasi wake, safari hii kwenye kituo cha kuhifadhi kuvu mjini Baarn. Mwaka 1959 alichapisha utafiti mkubwa. Mwingine ulitoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kufariki.

Mchumba wangu aliacha kutafuna. "Na ile miaka ya katikati?"

"Ndiyo hiyo. Hakuna anayejua angegundua nini."

Akanyamaza, akachezea uma. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Mimi sikukuambia uache kazi, mama. Naogopa kurudi jioni nyumba tupu, kama marehemu baba alivyokuwa akirudi."

Jamani! Siku tatu nzima nilikuwa nimenunia swali ambalo hakuniuliza. Na yeye alikuwa ameificha hofu yake ndani ya maneno yaliyosikika kama amri.

Yaongeeni haya mapema

*Safari za kazi.* Ni ngapi kwa mwezi, na anayebaki atabaki na nani? Sisi tulikubaliana nisizidishe wiki moja kwa mwezi, na simu kila usiku.

*Mtoto akija.* Nani atapunguza kazi, kwa muda gani, na atarudi lini? "Naacha kwa muda" isiyo na tarehe ya kurudi huwa ni kuacha moja kwa moja.

*Hofu zenu.* Sema "naogopa", usiseme "usiende". Mwenzako atakuelewa haraka zaidi.

Harusi ilifanyika, tulicheza mpaka viatu vikatushinda. Mwezi uliopita mume wangu alichukua likizo akanisindikiza Mufindi. Alilalamikia baridi njia nzima. Lakini jioni ya pili ni yeye aliyeniita, amechuchumaa chini ya msonobari: "Njoo uone, mama. Huu nao si unaumwa?"

Ulikuwa unaumwa kweli.