Nyumba tulivu Hanoi tuliipata, hewa safi ikawa shughuli nyingine

Mtu akituuliza leo apange nyumba mtaa gani akihamia Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, hatumtajii mtaa. Tunamuuliza kwanza anakwenda kuitazama nyumba hiyo mwezi gani.

Somo hilo hatukulipata kitabuni. Tulifika Hanoi mwishoni mwa Agosti 2023, baba watoto akiwa amepata nafasi ya masomo ya miaka mitatu, mama watoto akiwa na watoto wawili mkononi, wa pili wao binti wa miaka sita mwenye pumu. Agosti ni mwezi wa mvua katika bonde la Mto Mwekundu, na mvua huosha anga. Tuliona mawingu meupe, miti iliyooga na watu wakicheza badminton kando ya njia. Tukapanga ghorofa ya nne, kando ya barabara kubwa, kwa sababu chuo kilikuwa karibu na dalali alituapia kwamba pale pana upepo mzuri. Ilipofika Desemba binti yetu akaanza kuamka saa nane za usiku akitafuta pumzi. Usiku mmoja tulimkimbiza hospitali kwa teksi, midomo yake imekwisha kubadilika rangi. Daktari alimtuliza, akatupa dawa ya kuvuta kwa kinywa, kisha akauliza jambo moja tu: mnaishi wapi?

Tulipomtajia barabara ile, hakusema neno. Alitikisa kichwa.

Basi tukaanza kujifunza mambo ambayo ingetupasa kuyajua kabla ya kutia saini mkataba. Hanoi ina watu zaidi ya milioni 8 na pikipiki zaidi ya milioni 6. Mji umekaa katika tambarare, na wakati wa baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi, hutokea siku ambazo tabaka la hewa ya joto hulala juu ya hewa ya baridi iliyo chini, likawa kama kifuniko juu ya chungu. Moshi wa magari, vumbi la ujenzi, makaa ya mawe ya viwanda, vyote hubaki humo chunguni. Kinachodhuru zaidi ni zile chembe zisizozidi mikromita 2.5, ambazo thelathini kati yake zikipangwa pamoja ndipo zinapofikia unene wa unywele mmoja. Chembe hizo hupita puani bila kuzuiwa na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango cha Vietnam yenyewe ni 25. Hanoi, katika miaka hii ya karibuni, imekuwa ikivuka 40.

Tukanunua kipimo kidogo cha vumbi, chenye ukubwa wa redio ya mkononi, tukakifanya mwenzetu wa safari. Kila nyumba tuliyokwenda kuiona Januari na Februari 2024 tulikiweka dirishani robo saa kabla ya kuuliza bei. Madalali walitucheka. Mmoja alituuliza kama tunanunua nyumba au tunanunua upepo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba utulivu na hewa safi ni ndugu wa tumbo moja. Tuliamini kwamba ukikimbia honi umekimbia na moshi. Tukaelekea kaskazini, Soc Son, kwenye vilima na misonobari. Lakini uwanja wa ndege wa Noi Bai uko huko huko, na Nam Son, jaa kubwa kuliko yote la taka za mji, nalo liko huko. Tukageukia magharibi, kwenye barabara pana iendayo Hoa Lac, ambako vyuo na makampuni yamehamia na mlima Ba Vi huonekana siku njema. Kimya kilikuwepo, hata jogoo tulimsikia. Lakini wakati wa baridi upepo wa Hanoi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo anayekaa magharibi hupokea kile ambacho mji umekwisha kukitumia. Siku tuliyokwenda, kipimo kilisoma sawasawa na nyumbani kwetu barabarani. Na huko kaskazini-mashariki unakotoka upepo kuna mkoa wa Bac Ninh, wenye vijiji vya ufundi kama Da Hoi, wanakoyeyusha vyuma chakavu, na Phong Khe, wanakogeuza karatasi taka kuwa karatasi mpya. Hakuna ukuta unaowatenga watu hao na wengine.

Wenzetu wageni walitushauri kuhamia Ecopark, mji mpya uliopandwa miti mingi huko Van Giang, mkoa wa Hung Yen, kusini-mashariki ya Hanoi. Kusema kweli ni pazuri. Maziwa, njia za baiskeli, watoto wanacheza bila mama kushika moyo. Lakini kila asubuhi ingetubidi kupanda basi kuingia mjini, na msikiti ungekuwa mbali mno. Kuna na jambo jingine lililotusumbua nafsi: ardhi ile ilikuwa mashamba, na mwaka 2012 wakulima waliokataa kuondoka walipambana na polisi. Hatumhukumu anayeishi pale. Sisi tulishindwa kuipenda bustani ile.

Suala la msikiti linahitaji maelezo. Hanoi yote ina msikiti mmoja tu, Al-Noor, katika mtaa wa Hang Luoc, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19. Uko katikati ya Mji Mkongwe, mahali penye kelele kuliko pengine popote mjini. Ijumaa hukutana humo watu wa ofisi za kibalozi, wanafunzi kutoka Afrika, wafanyabiashara wa Pakistan na Waislamu wachache wa Kivietnam. Kwa hiyo familia ya Kiislamu inayokimbilia pembezoni kutafuta hewa inajiongezea umbali na jamaa zake. Watoto wetu hawakuwa na mahali pengine pa kukutana na watoto wanaofunga Ramadhani kama wao.

Ndipo tukaanza kutazama vichochoro. Mgeni akiona barabara za Hanoi hadhani kwamba hatua hamsini ndani ya kichochoro, ambamo gari haliingii, mtu anaweza kusikia saa ya ukutani ya jirani. Nyumba humo ni nyembamba kama kabati, upana wa mita tatu au nne, zikirefuka kwenda nyuma na juu. Anwani huandikwa kwa mikwaju, kichochoro ndani ya kichochoro. Tulikuwa karibu kuchukua moja iliyokuwa ndani kabisa, tulivu, ya bei ya chini. Aliyetuzuia ni mama mmoja muuza mboga. Alituuliza kama tulikuwapo mjini Septemba iliyopita. Tulikuwapo. Usiku wa tarehe 12 mwezi huo wa 2023, jengo la vyumba vingi katika kichochoro cha Khuong Ha lilishika moto kuanzia chini, mahali pa kuegesha pikipiki. Magari ya zimamoto hayakuweza kulifikia. Walikufa watu 56, watoto wakiwemo. Tangu siku ile tuliongeza maswali mawili: kichochoro hiki kinatokea wapi upande wa pili, na pikipiki hulala wapi?

Mwezi wa Februari ulikuwa na Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, nao ulituhadaa kidogo. Siku hizo watu hurudi vijijini kwao, maduka hufungwa, na barabara iliyokuwa ikinguruma inakuwa kama ya mji mwingine. Nyumba mbili tuliziona siku za Tet tukazisifu. Tuliporudi baada ya wiki mbili, moja ilikuwa na karakana ya milango ya chuma ukuta kwa ukuta.

Hatimaye tulivuka mto. Upande wa mashariki, Long Bien, hupokea upepo wa baridi kabla haujapita juu ya katikati ya mji, na ingawa si upepo safi, kipimo chetu mara nyingi kilisoma pungufu. Pale napo ilibidi kuchagua. Nje ya tuta la mto kuna bustani za migomba, utulivu, na kodi nafuu mno. Ndani ya tuta kodi hupanda. Tulilalamika, tukachukua ya ndani. Septemba 2024, baada ya kimbunga Yagi, Mto Mwekundu ulijaa kuliko miaka mingi iliyotangulia, na maji yakaingia katika nyumba zile za migombani. Tulipokea familia moja kwa siku nne.

Nyumba yetu ina ghorofa tatu nyembamba, katika kichochoro chenye matokeo mawili. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayekaa chini, naye alitufundisha kumwita “bác”, yaani mkubwa wa wazazi, kwani Wavietnam, kama sisi, humwita mtu kwa udugu kabla ya jina. Kelele pekee ni kipaza sauti cha mtaa kinachotangaza chanjo na usafi asubuhi. Hewa haikuwa safi, tusidanganyane. Juni na Oktoba, baada ya mavuno, wakulima wa pembezoni huchoma mabua ya mpunga na harufu hutufikia. Machi huja unyevunyevu mwembamba, sakafu na kuta hutoa jasho, na ukungu ukiota nyuma ya kabati ni adui wa pumu sawa na moshi. Tumejifunza kufunga madirisha alfajiri, wakati vumbi likiwa zito, na kuyafungua adhuhuri. Mashine ya kusafisha hewa tumeiweka chumba kimoja tu, anacholala binti yetu. Baridi ya kwanza pale aliamka usiku mara mbili. Barabarani tuliacha kuhesabu.

Ijumaa baba na watoto huvuka kwa baiskeli daraja la Long Bien, lililofunguliwa 1902, ambalo upande wa pili hushukia karibu kabisa na Hang Luoc. Vietnam nzima huendesha kulia, lakini juu ya daraja lile watu hupita kushoto, kama kwetu Tanzania, na watoto hufurahi kila mara. Julai 2025 Waziri Mkuu wa huko aliagiza pikipiki za petroli zisiingie tena ndani ya barabara ya kwanza ya mzunguko kuanzia Julai 2026, na Hang Luoc uko ndani ya mzunguko huo. Waumini wenye pikipiki kuukuu wameanza kuulizana bei za zile za umeme.

Yule bác wa chini alikuwa akikicheka kipimo chetu kuliko madalali wote. Novemba iliyopita mjukuu wake wa miezi mitano aliletwa akae naye. Asubuhi ya pili alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni bila salamu zake ndefu za kila siku, akauliza leo kinasoma ngapi, kama anaweza kufungua dirisha.