Mche wa Mkarafuu Hufia Mizizini

Kila mwaka, mvua zinapokaribia, miche ya mikarafuu hutolewa vitaluni na kugawiwa wakulima wa Unguja na Pemba. Hesabu yake huandikwa vizuri. Mkulima hutia saini, gari huondoka, na kazi huchukuliwa kuwa imekwisha. Lakini mwananchi aliyeipokea miche hiyo anajua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza, na mara nyingi akenda shambani mwezi wa Februari, baada ya jua la kaskazi, hukuta vijiti vikavu vimesimama katika mashimo. Tunauliza: vijiti hivyo vimo katika hesabu ipi?

Hatuulizi kwa nia ya kumlaumu mtu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo wa zao hili, na mingi katika mikarafuu inayochumwa visiwani humu ilipandwa na wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Mti wenyewe huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Kwa hiyo mche unapokauka, hasara yake si ya udongo na kiriba tu. Mwenye shamba hurudi nyuma miaka, na kama ni mtu mzima huenda asiwahi kuichuma karafuu ya mche wa pili.

Mkarafuu ni mti wa kudeka tangu mbegu. Tunda lililoachwa mtini hata likaiva likawa la zambarau halina budi kupandwa upesi, maana likikauka mbegu hufa. Haiwekeki ghalani kama mahindi. Ikisha kuota, mche hulelewa mwaka mzima na zaidi chini ya banda la makuti, ndani ya kiriba, ukinyweshwa bila ya kukosa. Humo mzizi mkuu hushuka hata ukagota chini ya kiriba, na ukicheleweshwa hujipinda na kujizungusha kama kamba. Mche wa namna hiyo hupendeza machoni, majani yanang'aa, na ndio kila mtu hukimbilia kuuchagua. Kumbe chini umekwisha haribika.

Shida hii ya mti uliofungwa ndani ya chombo si ya kwetu peke yetu. Huko Ulaya kuna mti uitwao loreli, asili yake pwani za Bahari ya Kati, ambao majani yake hutiwa katika mchuzi kama sisi tutiavyo majani ya mdalasini. Waingereza hupenda kuuotesha katika vyungu mlangoni, na adui yake ni baridi ya barafu. Mti mkubwa uliopandwa ardhini huweza kuvumilia baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kwa kuwa ardhi huikinga mizizi. Katika chungu mizizi hupigwa na baridi pande zote. Udongo hugandamana, na majani, ambayo hayapukutiki, huendelea kukaushwa na upepo pasipo kupata maji mengine kutoka chini. Mti hufa kwa kiu hali maji yamo humo humo chunguni, yamekuwa barafu. Ndiyo sababu wenye kujua hawafuniki majani tu, bali hukivisha chungu chenyewe gunia, hukiinua juu ya matofali ili maji yasituame, hukisogeza penye ukuta wa kuzuia upepo au hukiingiza ndani, na hupunguza kunywesha. Nao huyafanya hayo kabla ya baridi kufika.

Barafu haituhusu sisi. Lakini kiriba cheusi kilichowekwa juani hupata moto upesi na kukauka upesi, na mche ulio ndani yake hufa kwa kiu ile ile. Tumewahi kuona gari lililo wazi, limejaa miche, limeegeshwa saa sita mchana nje ya ofisi moja, dereva akingoja karatasi. Miche ile ilikwisha kufa nusu kabla ya kufika kwa mkulima, ingawa majani yake yalikuwa bado ni ya kijani.

Tungependa mabwana shamba waanze kuipunguza makuti ya banda wiki kadhaa kabla ya kugawa, kidogo kidogo, ili mche ulizoee jua. Usafirishwe alasiri, umefunikwa. Na uwafikie wakulima masika yanapoanza, Machi au Aprili, siyo Juni mvua zimekwisha katika sehemu nyingi. Mche wa masika hupata mvua ndefu, kisha vuli, ndipo ukutane na kiangazi cha Januari umekwisha shika ardhi. Ule wa vuli hupewa miezi miwili tu.

Mkulima naye ana wajibu wake. Kiriba kipasuliwe na kuondolewa, wala kisizikwe pamoja na mche kama wengine wafanyavyo kwa haraka. Ncha ya mzizi iliyojipinda ikatwe kwa kisu kikali. Migomba ipandwe mapema ili itoe kivuli, na asiye na migomba achomeke makuti kuuzunguka mche. Majani makavu yatandazwe juu ya udongo, mbali kidogo na shina, kwa hofu ya mchwa.

Juu ya hesabu, rai yetu kwa wakubwa ni kwamba kitabu cha miche iliyotolewa kiongezwe safu moja zaidi, ya miche iliyo hai. Hiyo ijazwe mwanzoni mwa Machi wa mwaka unaofuata, kabla ya mvua kuanza, shambani kwenyewe, sheha na mwenye shamba wakiwapo.