Kikosi cha ngoma cha kanisa ni nini, na kinaweza kusimama Bariadi?

Watoto wengi wa Simiyu wanaijua bendi ya shule. Asubuhi ngoma zinapigwa, wanafunzi wanapanga mistari, kisha wanaingia madarasani kwa hatua moja. Chukua picha hiyo, iondoe shuleni na uiweke chini ya kanisa. Wape vijana sare, viongozi na ratiba ya mazoezi. Hapo umepata kikosi cha ngoma cha Kikristo.

Wazo hilo linavutia vijana, ila kwa baadhi ya wazee linaleta maswali. Je, ngoma ina nafasi kanisani? Je, gwaride si mambo ya askari? Nani atalipa, na nani atawalinda watoto? Tuyapitie moja baada ya jingine.

Kikosi hiki kina tofauti gani na kwaya?

Kwaya inaimba, na mara nyingi inasimama mahali pamoja. Kikosi cha ngoma kinapiga huku kinatembea. Kuna ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma upande wa chini, ambazo huipa mlio mkali. Kuna ngoma kubwa inayoshika mwendo wa miguu, na kuna matoazi. Vikosi vyenye uwezo huongeza tarumbeta. Mbele hutangulia kiongozi mwenye fimbo, pamoja na wabeba bendera.

Kazi yenyewe ni kuhesabu. Kila mpigaji anahesabu moja hadi nne kichwani, mguu wa kushoto unakanyaga kwenye moja, na mikono inafuata. Mmoja akiharakisha, mstari mzima unavurugika. Ndiyo maana wanaokipenda husema kinafundisha nidhamu: kijana hawezi kufanya vizuri peke yake.

Wazo lilitoka wapi?

Mwaka 1883 huko Glasgow, Uskoti, mwalimu wa shule ya Jumapili aitwaye William Alexander Smith alikuwa anahangaika na wavulana wasiotulia darasani. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea mazoezi ya kijeshi ya kujitolea, hivyo akaamua kuwafundisha gwaride pamoja na Biblia. Chama alichoanzisha, Boys' Brigade, kilienea nchi nyingi, na bendi za ngoma na tarumbeta zikawa sehemu ya utambulisho wake. Miaka hiyo hiyo Jeshi la Wokovu nalo lilianza kutumia bendi kuhubiri barabarani nchini Uingereza. Jeshi hilo liliingia Tanzania mwaka 1933, likianzia Tabora.

Nchini Marekani, parokia za Kikatoliki zilianzisha vikosi vya vijana wa mitaani. Kimoja kilizaliwa mwaka 1934 katika parokia moja ya mji wa Garfield, New Jersey, kikaitwa Holy Name Cadets. Baadaye kilijitenga na kanisa na kuwa miongoni mwa vikosi maarufu kabisa nchini humo. Tutakirudia mbele, kwa sababu kina somo.

Hapa Afrika Mashariki, mlio wa bendi za wageni haukubaki kwao. Tangu miaka ya 1890 watu wa pwani waliugeuza kuwa ngoma yao iliyoitwa beni, yenye gwaride, sare na vyeo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilifika hata bara. Kwa hiyo gwaride la ngoma si geni kwetu. Babu zetu walilicheza wakalifanya lao.

Je, ngoma inaruhusiwa kanisani?

Hapa ndipo penye mvutano, hasa kwetu Usukumani. Ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu zina historia ndefu. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Kwa kuwa ushindi ni kuvuta watu, makundi yalitafuta dawa za mvuto kwa waganga. Wamisionari wengi walipoona hayo waliikataa ngoma yote pamoja na dawa zake. Wazee wanaosita leo wanalo la kusema, na si vyema kuwadharau.

Lakini ipo njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa. Pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, padre Mkanada David Clement alianza katika miaka ya 1950 kuleta ngoma na nyimbo za Kisukuma ndani ya ibada. Aliona tatizo liko kwenye dawa, na kwamba ngozi na mti havina kosa. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati kuhusu liturujia iliyotambua muziki wa asili wa watu katika ibada. Mpaka leo Bujora inajulikana kwa makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma za watemi, na kwa sikukuu ya Bulabo, ambapo maandamano ya Ekaristi hufuatwa na mashindano ya ngoma.

Kwa upande wa Maandiko, Zaburi ya 150 inataja matari, matoazi na baragumu katika kumsifu Mungu. Miriamu alishika tari baada ya kuvuka bahari. Hata hivyo, kila dhehebu lina utaratibu wake. Yapo makanisa yanayokubali ngoma kwenye maandamano na mikutano ya vijana lakini si ndani ya ibada. Ulizeni mchungaji, padre au baraza la wazee kabla ya kununua chochote.

Inahitaji nini hapa Bariadi?

Anzeni kidogo. Vijana kumi na wawili wenye ngoma nne wanatosha kujifunza. Wasio na ngoma wanaweza kufanya mazoezi kwa kupiga vijiti juu ya ubao, maana mkono hujifunza kabla ya ngoma.

Mafundi wa ngoma za ngozi wapo, na ng'ombe tunao. Ngoma ya ngozi hulegea wakati wa mvua na huhitaji kuanikwa juani au kupashwa moto. Ya dukani yenye uso wa plastiki haisumbuliwi na unyevu, ila bei yake ni kubwa zaidi. Ngoma kubwa za asili ni nzito mno kubebwa, hivyo mwambieni fundi atengeneze nyepesi yenye mkanda wa begani.

Pangeni ratiba kwa kalenda ya shamba. Kuanzia Novemba watu wako kwenye kupanda pamba na mahindi. Kijana akiondolewa shambani kila jioni, mzazi atakichukia kikosi. Miezi ya baada ya mavuno ndiyo yenye nafasi.

Tunzeni masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ngoma za karibu hupita kiwango hicho kwa urahisi. Fanyeni mazoezi nje, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Pamba ya kawaida sikioni haizuii vya kutosha, hata sisi tunaoilima tukubali hilo. Kabla ya kuandamana barabarani, toeni taarifa mapema kwa polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

Watoto watalindwaje?

Tukirudie kile kikosi cha Garfield. Kilidumu miaka tisini, kisha mwaka 2024 kikafungwa, kikiwa kimeelemewa na kesi ya madai ya unyanyasaji wa kingono yaliyohusu miaka ya 1980. Sifa na makombe havikukiokoa.

Kikosi kinampa mtu mzima mamlaka juu ya watoto, tena nje ya macho ya wazazi. Kwa hiyo wekeni kanuni siku ya kwanza. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi. Wasimamizi wawe wawili au zaidi, na mwanamke awepo palipo na wasichana. Mtoto asibaki peke yake na mwalimu, na safari isilale nje bila idhini ya wazazi. Kiboko kisitumike kufundisha mdundo. Mtoto akipata shida, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Wasichana wapewe ngoma pia, wasiishie kubeba maua. Na fedha zisomwe mbele ya wazazi, hata kama ni za kununua vijiti tu.

Je, inafaa?

Kikosi hakitamfanya kijana kuwa mcha Mungu kwa sababu tu anapiga ngoma. Kinachoweza kufanya ni kumpa mahali pa kwenda jioni, watu wanaomtegemea, na kazi inayohitaji awahi. Kanisa lenye watu wazima wawili au watatu walio tayari kuja kila wiki, mvua isinyeshe au inyeshe, lina mtaji wa kuanzia. Kama watu hao hawapo, ngoma zisubiri.