Usifunge Betri Moja kwa Moja kwenye Kompyuta ya Pampu

Ndugu mkulima, huenda umenunua pampu ya sola, na sasa wataka kompyuta ndogo ya kuiwasha na kuizima. Mafundi huiita maikrokontrola. Si kubwa, nayo ni mtumishi mzuri: betri ikichoka huizima pampu, jua likirudi huiwasha, na wewe uko zako ukipalilia kabeji.

Lakini yafaa ujue kwamba mguu wake wa kusomea ni mwepesi. Ule wa Arduino Uno hustahimili volti 5 tu, na ule wa ESP32 volti 3.3. Mimi nilileta waya wa betri ya volti 12 moja kwa moja. Hata moshi sikuuona. Chombo kilinyamaza tu, na pesa zangu zikaenda.

Dawa yake ni rezista mbili, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi. Nunua moja ya kiloomu 100 na moja ya kiloomu 10. Waya chanya wa betri uingie katika ile ya 100. Mwisho wake uunge na ile ya 10, na mwisho wa ile ya 10 uende kwenye hasi, pamoja na hasi ya kompyuta. Pale rezista zinapokutana ndipo utoe waya wa mguu wa kusomea. Jumla ni 110, na 10 ni fungu moja katika mafungu 11. Basi kompyuta hupata fungu hilo moja tu la volti.

Sasa angalia sana. Usifanye hesabu kwa namba iliyoandikwa ubavuni. Betri ya volti 12 ikichajiwa hufika 14.4. Paneli inayouzwa kuwa ya volti 12 yaweza kutoa 22 juani ikiwa haina mzigo. Mtu atumiaye rezista za 30 na 10 hupata robo: kwa betri ni 3.6, yafaa kwa Arduino. Kwa paneli ni 5.5, imepita mpaka. Kwa 100 na 10, volti 22 huwa 2 tu.

Betri na paneli, kila moja iwe na rezista zake na mguu wake. Ukizikutanisha katika mguu mmoja, kompyuta husoma mchanganyiko, na usiku paneli ikilala itadhani betri imekwisha.

Tena, kontrola nyingine za sola hazikuunga hasi ya paneli na hasi ya betri. Ikiwa yako ni hiyo, usiziunge wewe; mwite fundi.

Kabla ya kufunga mguu, weka mita pale rezista zinapokutana, saa sita mchana jua likiwa kali. Ikisoma zaidi ya 3, kagua rezista zako upya.