Jua, Kipimo cha Nyota za Mbali

Oktoba 3, 2024, saa 9:18 alasiri, Jua likiwa bado juu ya Kibaha na Kisarawe nchini Tanzania, lililipuka. Mlipuko huo wa daraja la X9.0 ulivuruga redio za mawimbi mafupi katika sehemu kubwa ya Afrika na Atlantiki ya Kusini. Jicho na ngozi havikutambua chochote.

Chanzo ni sumaku. Juu ya madoa ya Jua, uga sumaku hujisokota hadi ukakatika na kuungana upya. Nishati iliyobanwa humo hufumuka, gesi ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kumwaga eksirei. Setilaiti hutuonyesha hata doa lililohusika.

Nyota nyingine hazitupi nafasi hiyo, kwani hata kwenye darubini kubwa karibu zote hubaki nukta. Mtu wa Kisarawe akitazama usiku mng'ao wa taa za Kibaha ataona umeongezeka, asijue nyumba gani imewasha. Ndiyo maana wanasayansi hujifanya hawaoni: hujumlisha nuru yote ya Jua iwe nukta moja, kisha hukagua alama zipi za mlipuko zimesalia. Mwanga hupanda ghafla na kushuka taratibu. Mara nyingi mawimbi ya redio hutangulia kilele cha eksirei. Alama hizohizo ndizo zinazosakwa kwenye nyota.

Eksirei hazipenyi angahewa yetu, hivyo lazima zipimwe kutoka juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa jirani tu, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru.

Msako huo kwenye nyota ulizaa matunda: mwaka 2012 watafiti wa Japani, kwa data ya darubini ya Kepler, walitangaza milipuko mikubwa 365 kwenye nyota 148 zinazofanana na Jua.

Nyota ya Proxima Centauri ni kesi ngumu zaidi. Uzito wake ni kama sehemu moja ya nane ya Jua, lakini Mei 2019 mwanga wake wa urujuanimno uliongezeka mara 14,000 ndani ya sekunde chache. Sayari yake moja iko karibu nayo mara 20 kuliko Dunia ilivyo karibu na Jua. Hapo kipimo cha Jua kinaanza kupwaya, na anayetangaza kwamba milipuko pekee imeshaua uwezekano wa uhai huko ameutangulia ushahidi.