Timu Inayoishi Miezi Mitatu

Mwanzoni mwa Agosti 2025, katika mji mdogo wa Burlington ulio kando ya Ziwa Champlain, kaskazini mashariki mwa Marekani, watu wapatao 5,000 walikusanyika katika uwanja wa Virtue kutazama wanafunzi wakicheza mpira. Mji wenyewe una wakazi 45,000 hivi, na jimbo zima la Vermont, kwa hesabu ya mwaka 2020, lilikuwa na watu 643,000, yaani karibu nusu ya watu wa Mombasa. Wenyeji, timu ya Vermont Green, waliwashinda Ballard FC kwa mabao 2 kwa 1. Ballard walikuwa wametoka Seattle, upande wa pili wa nchi, mwendo wa karibu kilomita 4,000. Kwa ushindi huo Vermont Green walitwaa ubingwa wa ligi iitwayo USL League Two, nao walifika mwisho wa msimu bila kushindwa hata mchezo mmoja.

Kabla mwezi huo haujakwisha, timu hiyo ilikuwa imetawanyika. Golikipa alikwenda kwake, walinzi kwao, na washambuliaji kwao, kila mmoja akielekea chuo chake.

Msomaji asidhani kwamba klabu ilifilisika au kwamba wachezaji waligombana. Hiyo ndiyo desturi ya ligi hii. Timu huundwa mwezi wa Mei, hucheza Juni na Julai, na ikibahatika sana huiona Agosti. Klabu, jina lake na rangi zake hudumu, na mashabiki hungoja mwaka uzunguke. Lakini wale vijana kumi na mmoja walioteremka uwanjani pamoja, yamkini hawatateremka pamoja tena maisha yao yote.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kufahamu jinsi mpira unavyochezwa katika vyuo vya Marekani. Huko chuo kikuu si mahali pa vitabu peke yake. Ni ngazi mojawapo ya kumfikisha kijana katika mpira wa kulipwa. Lakini msimu rasmi wa mpira wa vyuo ni mfupi mno. Huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha Desemba, wakati theluji inapoanza kuanguka katika majimbo ya kaskazini. Baada ya hapo kuna mazoezi na michezo michache ya kirafiki, kisha masomo hufungwa na vijana huenda zao. Mchezaji wa umri wa miaka ishirini, ambaye mwenzake wa Ulaya anacheza karibu mwaka mzima, hujikuta hana mchezo wa maana kwa miezi mingi.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na ligi ya kiangazi. Ilianza mwaka 1995, baadaye ikajulikana kwa jina la Premier Development League, na tangu mwaka 2019 inaitwa USL League Two. Mwaka 2020 haikuchezwa kabisa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Leo ina timu zaidi ya mia moja, zilizotapakaa kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Pasifiki, katika miji mikubwa na katika miji ambayo hata Wamarekani wengine hawaijui iliko. Kiangazi chao, kwa kweli, kinaangukia miezi ile ambayo watu wa Limuru hujifunika mablanketi mawili. Lakini huko jua huchelewa kutua, na mtu aweza kutazama mpira baada ya kazi na kurudi nyumbani kungali na mwanga.

Mwezi wa Mei ni mwezi wa wageni. Mwalimu wa timu hupokea vijana wasiojuana, wengine wakitoka vyuo vinavyoshindana vikali kila mwaka. Sheria za michezo ya vyuo haziruhusu chuo kimoja kihamishie timu yake yote katika klabu ya kiangazi. Kwa vyuo vikubwa, mwisho ni wachezaji 5 wa chuo kimoja katika timu moja. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuokota huku na huku: beki kutoka jimbo hili, kiungo kutoka jimbo lile, na mara nyingi vijana wa ng'ambo, Wajerumani, Waingereza, Waghana na Wabrazili, waliokuja kusoma kwa ajili ya mguu mzuri. Ana majuma machache tu ya kuwafanya watu hao wapigiane pasi bila kutazamana. Mwalimu wa klabu ya kawaida akikosea mwezi wa kwanza, ana mwaka wa kusahihisha. Huyu akikosea mwezi wa kwanza, ameumaliza msimu.

Katika miji mingi vijana hulala katika nyumba za wenyeji. Mzee ambaye watoto wake wamekwisha kuoa na kuhama hutoa chumba, mkewe hujifunza kwamba mlinzi wa kushoto hula mayai sita asubuhi, na kabla ya Juni kwisha mgeni amekuwa mtoto wa nyumba. Wengine huwekwa katika mabweni ya vyuo yaliyo matupu wakati wa likizo. Asubuhi baadhi yao hufundisha watoto mpira, wengine hufanya vibarua mjini. Mwanafunzi wa kigeni hana hata nafasi hiyo, maana ruhusa yake ya kukaa nchini ni ya kusoma, na kazi za mshahara amewekewa mipaka mikali.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, maana wachezaji hawa hawalipwi mshahara. Ni wachezaji wa ridhaa, na ni lazima wabaki hivyo, kwa sababu mwanafunzi akitia sahihi mkataba wa kulipwa, haki yake ya kuchezea chuo inaweza kupotea. Tangu mwaka 2021 wanafunzi wameruhusiwa kupokea fedha za matangazo yanayotumia majina yao, lakini fedha hizo huenda kwa nyota wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Mchezaji wa kandanda hupata makombo. Tena watu wengi hudhani kwamba kila mchezaji wa chuo husomeshwa bure. Sivyo. Kwa miaka mingi, hadi 2025, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo usiozidi sehemu 9.9 kwa timu nzima ya kandanda ya wanaume, na sehemu hizo ziligawanywa kwa wachezaji ishirini na kitu au thelathini. Mmoja alipata nusu ya karo, mwingine robo, mwingine vitabu tu. Kijana wa namna hiyo anapochagua kucheza bure miezi mitatu badala ya kwenda kufanya kazi, yeye na wazazi wake wanajua bei ya uchaguzi huo.

Juu ya fedha kuna goti. Kano ya goti ikikatika mwezi wa Julai, msimu wa chuo umekwisha kabla ya kuanza, maana kupona kwake huchukua miezi kama tisa. Mwalimu wa chuo, akiwa mbali, hufuatilia kwa wasiwasi mchezaji wake amecheza dakika ngapi. Mwalimu wa kiangazi anataka pointi tatu za Jumamosi. Kijana yuko katikati, na goti ni lake yeye.

Juni inapoingia, mambo huenda mbio. Michezo kumi na kitu hubanwa ndani ya majuma machache, wakati mwingine miwili katika siku tatu, na safari ni za basi au gari dogo. Vermont Green wakienda kucheza na Western Mass Pioneers, katika uwanja wa Lusitano ulioko Ludlow, uwanja wa klabu iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kireno, husafiri zaidi ya saa tatu kwenda na zaidi ya saa tatu kurudi. Katika majimbo ya magharibi safari ndefu kuliko hiyo ni jambo la kawaida. Huko kusini joto huwa kali hata refa husimamisha mchezo ili wachezaji wanywe maji.

Basi kwa nini wanakubali? Jibu moja ni Matt Turner. Alikuwa golikipa wa Chuo cha Fairfield, katika jimbo la Connecticut, naye hakuanza kudaka kwa bidii ila akiwa kijana wa shule ya sekondari. Mwaka 2013, akichezea chuo chake, mpira uliogonga mwamba ulirudi mikononi mwake naye akauangushia ndani ya goli lake mwenyewe. Picha ya kosa hilo ilionyeshwa nchi nzima, na watu wakacheka. Kiangazi alichezea Jersey Express katika ligi hii tunayoieleza. Klabu za kulipwa zilipochagua wachezaji wa vyuo mwaka 2016, hakuna iliyotaja jina lake. Akaenda kujaribiwa na New England Revolution, wakamchukua. Mwaka 2022 alijiunga na Arsenal ya London, na mwaka huohuo, katika Kombe la Dunia huko Qatar, alisimama langoni mwa Marekani katika michezo yote minne. Katika mchezo dhidi ya Uingereza hakuna bao lililoingia.

Jibu la pili liko karibu zaidi na wasomaji wa pwani. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa mwaka 1999, katika jamaa ya Wabajuni waliokimbia vita vya Somalia. Alipelekwa Marekani angali mtoto, akakulia Seattle, akasoma Chuo Kikuu cha Washington, na akapita katika timu ya vijana ya Seattle Sounders iliyokuwa ikicheza ligi ya kiangazi. Mwaka 2018 Sounders wakampa mkataba wa kulipwa. Kutoka mitaa ya Mombasa hadi uwanja ule mkubwa wa Seattle ni mbali, wala si vijana wengi wanaofika.

Ni lazima kusema wazi kwamba walio wengi hawafiki. Huhitimu masomo, huwa wahandisi, waalimu, makarani wa benki, na kiangazi kile hubaki kuwa mpira bora waliopata kuucheza. Lakini mpira wenyewe si wa mchezo. Mwaka 2000 timu ya ligi hii, Michigan Bucks, iliingia katika Kombe la Wazi la Marekani, ambamo timu za ridhaa zaweza kukutana na za kulipwa, ikawapiga New England Revolution bao 1 kwa 0. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2012, Bucks waliwatoa Chicago Fire kwa mabao 3 kwa 2 katika dakika za nyongeza. Waliofungwa walikuwa watu wa mishahara.

Kwa Vermont Green habari ilianza juzi tu. Klabu ilicheza msimu wake wa kwanza mwaka 2022, ikijitangaza kuwa ya mpira na ya kutetea mazingira, jambo ambalo wazee wa mpira mahali pengine wangelicheka. Watu wa Burlington hawakucheka, walinunua tiketi. Kisha Desemba 2024 Chuo Kikuu cha Vermont, ambacho uwanja wake ndio huohuo wa Virtue, kiliushangaza mpira wa vyuo: kiliwafunga Marshall 2 kwa 1 katika fainali ya taifa iliyochezwa Cary, North Carolina, kwa bao la Maximilian Kissel katika muda wa nyongeza. Vermont haikuwa hata miongoni mwa timu zilizopangwa kuwa na matumaini ya ubingwa. Kwa hiyo mabingwa wa kiangazi walipopatikana mahali palepale miezi minane baadaye, jimbo lisilo na timu hata moja ya ligi kuu za kulipwa lilikuwa na makombe mawili ya taifa.

Julai ndiyo mwezi mgumu kuliko yote. Kadiri timu inavyoshinda ndivyo inavyokaribia siku ambayo vyuo huwaita wachezaji wao. Kambi za vyuo hufunguliwa mwanzoni mwa Agosti, na fainali huchezwa siku hizohizo. Mwalimu huweza kuingia katika mchezo mkubwa wa mwaka akiwa amepungukiwa, si kwa majeruhi wala kwa kadi nyekundu, bali kwa sababu kijana wake ameitwa chuoni. Hakuna wa kulaumiwa, maana chuo ndicho kinacholipa karo. Timu dhaifu iliyotolewa mapema huwa imekwisha kwenda nyumbani kupumzika. Ile bora ndiyo inayobaki ikihesabu waliokwisha kuondoka.

Majuma machache baada ya kombe kuinuliwa, taa za uwanja wa Virtue huwashwa tena, safari hii kwa ajili ya msimu wa vyuo. Timu ngeni huteremka kwenye basi, na huenda miongoni mwa wageni akawamo kijana aliyevaa jezi ya kijani mwezi uliopita, na ambaye sasa amekuja kuufunga mji ule. Vitu vyake vingine bado viko kwa mwenyeji aliyemhifadhi. Mwenyeji mwenyewe yuko jukwaani na mkewe, amevaa skafu ya kijani shingoni, na mpira ukimfikia kijana yule wote wawili husimama kabla ya kukumbuka kwamba leo ni mpinzani.